Peugeot 404 juu ya chasisi ya Hilux: gari la mbio la kizamani uani kwako

Kabla hujanunua injini, nunua breki. Vijana huja gerejini kwangu hapa Ng'ambo, Tabora, na picha za magari ya Kimarekani kwenye simu, na swali ni lile lile: "Shikamoo fundi, V8 nitaipata wapi?" Marahaba. V8 achana nayo. Kwa pesa ya injini hiyo ya silinda nane iliyochoka, pamoja na gia boksi yake na mafuta itakayokunywa, unajenga gari zima na chenji inabaki.

Gari wanalolitaka ni gasa, aina ya hotirodi (gari kuukuu lililogeuzwa la mbio) ya miaka ya 1950 na 1960: pua juu kama mbwa aliyesikia harufu ya nyama, matairi membamba mbele, mapana nyuma, ekzosi zinatokea ubavuni. Mbio zake ni za mstari ulionyooka, robo maili, yaani mita 402, magari mawili sambamba. California walikimbizana kwenye viwanja vya ndege, na mwaka 1951 Wally Parks akaanzisha NHRA, chama cha mbio hizo Marekani, ili mchezo uwe na sheria. Wengi waliojenga magari haya walikuwa watu wa mfuko mdogo. Walitafuta bodi kuukuu iliyo nyepesi, wakang'oa miguu ya mbele, wakafunga ekseli nzima ya gari la mizigo. Hiyo tunaiweza.

Pua ilinyanyuliwa ili gari likiondoka, uzito uhamie kwenye matairi ya nyuma, maana matairi ya wakati ule hayakushika lami vizuri. Lakini piga hesabu. Gari la kilo 1,200, ekseli zimeachana mita 2.65, kitovu cha uzito kiko sentimita 60 kutoka chini. Likiondoka kwa nguvu ya 0.4 ya uzito wake, kilo 109 hivi zinaegemea nyuma. Panda hadi sentimita 70, zinakuwa 127. Kwa hiyo sentimita 10 nzima za kunyanyua gari zimekupa kilo 18 tu. Betri ya N70 ina karibu uzito huo huo. Itoe mbele, ifunge kwenye buti juu ya difu, umepata faida ile ile kwa bei ya waya mnene na fyuzi kubwa. Nyanyua pua kwa ajili ya sura, usinyanyue kupita kiasi. Na kumbuka hesabu hiyo hiyo inageuka ukikanyaga breki: uzito unakimbilia mbele.

Sasa manunuzi. Bodi yangu ninayoipenda ni Peugeot 404. Gari hili lilishinda Safari Rally mwaka 1963, kisha 1966 hadi 1968 mfululizo, na ushindi wa 1966 na 1967 ulikuwa wa Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Dar es Salaam. Wazee wakiliona barabarani wanasimama. Mabaki yake bado yamelala nyuma ya nyumba za watu, kuku wanatagia kwenye kiti. Kagua nguzo za milango na vizingiti. Sakafu ikitoboka si neno, utaikata tu.

404 haina chasisi, bodi ndiyo inayobeba kila kitu. Kwa hiyo tafuta Hilux ya zamani, four wheel, ya petroli, yenye injini ya 22R na springi za mbapa mbele na nyuma. Iliyopinduka au iliyooza bodi ni nzuri zaidi, mwenyewe anataka iondoke uani. Hakikisha ina kadi na namba ya chasisi inasomeka. Pesa yako ukiigawa mafungu 10, manne yaende kwenye Hilux, matatu kwenye breki, usukani na matairi, mawili kwa mchomeleaji na mkerezaji, na moja kwa vingine vyote, rangi ikiwemo. Spea za Hilux huhitaji kuzifuata Dar, Ilala au Gerezani, zimejaa mjini hapa.

Hilux ya kebini mbili ekseli zake zimeachana mita 2.85, Peugeot mita 2.65. Hapo kuna sentimita 20 za kukata, na hapa usiwe na haraka. Panga kazi hii kiangazi, kati ya Mei na Oktoba, kwa sababu fimbo za kuchomelea za 7018, ambazo ndizo za chasisi, hazitaki unyevu kabisa. Shusha tangi la mafuta, toa betri. Weka chasisi kwenye stendi nne zilizo usawa, kisha chomelea mabomba ya kuishikilia isicheze. Pima kona kwa kona, kulia mbele hadi kushoto nyuma na kinyume chake. Namba mbili zifanane kabla ya kukata na baada ya kuunga. Usikate wima kama mkate. Kata kwa ngazi, umbo la Z, ili mshono usikae kwenye mstari mmoja, kisha funika kwa bati nene lililokatwa umbo la almasi. Kama mkono wako bado haujatulia, kata na upange mwenyewe, ila mshono mpe fundi anayechomelea trela za malori.

Bodi ikae juu ya mipira, ikishikwa kwenye vizingiti na penye mabati mawili. Bati moja la sakafu litachanika.

Ekseli ya mbele ibaki ile ile ya Hilux. Toa propela yake, toa shafti za ndani, ziba matundu grisi isivuje. Springi mpelekee mhunzi azikunje upya na kuongeza jani moja. Usirefushe vining'inizo vya springi ili upate urefu wa bure: gari litayumba kiunoni. Pua ikipanda, ekseli nayo inalalia nyuma, na usukani unakuwa mzito au unatetemeka. Weka simu yenye programu ya pimamaji kwenye nako, kile kichwa cha ekseli kinachogeuza tairi, tafuta nyuzi 5 hadi 7 za kulalia nyuma, rekebisha kwa kabari za chuma kati ya springi na ekseli. Fimbo ya usukani ilale karibu sambamba na ardhi, la sivyo kila shimo litakushikia usukani. Nguzo ya usukani chukua nzima ya Hilux. Kuunga shafti ya usukani kwa kuchomelea ni marufuku gerejini kwangu.

Breki: masta silinda mpya, mipira mipya ya mafuta ya breki, mirefu zaidi mbele, uikague ekseli ikiwa imening'inia kabisa. Halafu kuna kidude ambacho watu wengi hukisahau, vali iliyounganishwa na ekseli ya nyuma kwa fimbo. Inapima mzigo kwa kuangalia bodi imekaa juu kiasi gani, na inagawa nguvu ya breki. Umebadilisha bodi, umeidanganya. Irekebishe, kisha jaribu kwenye kiwanja cha vumbi kisicho na watu: tairi za mbele zigande kwanza. Za nyuma zikitangulia, gari litageuka.

Nyuma, springi hujikunja ukiondoka kwa nguvu na tairi zinarukaruka. Kata skwea paipu, chomelea kwenye bati linaloshikwa na yu-bolti za ekseli, ielekee mbele chini ya springi, mwishoni weka kipande cha mpira wa injini kikaribie jicho la springi. Propela ikifupishwa, msalaba wa mbele na wa nyuma vikae mstari mmoja, na uizungushie bangili ya chuma karibu na gia boksi. Ikikatika isichimbe lami.

22R ina cc 2366 na kabureta. Ringi, valvu, plagi, basi. Wayaringi yake mtoto wa gereji anaimaliza. Ekzosi zipite mbali na mipira ya breki. Rangi? Jua la Tabora limeshapaka hiyo bodi vizuri kuliko mimi. Safisha kutu, piga vanishi, fungia mikanda ya usalama kwenye chuma nene.

Kabla ya barabara, peleka mabadiliko ya bodi na rangi TRA, na trafiki walikague. Barabara ya Nzega ina mabasi na malori, si uwanja wako wa robo maili. Endesha kilomita 50 taratibu, kisha ingia chini na spana: yu-bolti zote zitakuwa zimelegea kidogo. Kaza, endesha 50 nyingine, kaza tena.