Upepo Ukikuvulia Bati: Namna Nilivyoezeka Upya Mwenyewe

Mimi ni fundi cherehani hapa Kilindoni, kuezeka si kazi yangu. Ila Kimbunga Hidaya kilipotufikia Mafia, Mei 4, 2024, kiliondoka na mabati 9 ya upande wa kusini wa nyumba yangu, na kila fundi niliyemfuata akawa ana watu kumi mbele yangu. Nikapanda mwenyewe, shemeji yangu akiwa chini.

Usikimbilie dukani. Okota kwanza mabati yaliyoruka uyatazame vizuri. Watu hudhani upepo unalikandamiza paa. Haulikandamizi, unalivuta: ule wa juu unapita kasi na kulinyonya, ule ulioingia barazani unalisukuma kwa chini. Kwa hiyo palipong'oka ndipo palipo na siri yako. Misumari ikiwa imebaki kwenye papi, yaani mbao nyembamba zinazopigiliwa bati, na bati lina matundu yaliyochanika marefu kama tundu la kifungo, bati lilikuwa jembamba au misumari michache. Misumari ikitoka mizima na bati lake, haikukunjwa chini. Bati likiruka pamoja na papi, ubovu uko pale papi inaposhikana na kenchi, zile mbao nene zinazobeba paa lote. Na kama kenchi zenyewe zimenyanyuka kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya ukuta, hiyo si kazi ya fundi cherehani; subiri foleni ya fundi kama wengine.

Yangu yalikuwa mchanganyiko. Mabati 6 yalichanika matundu ya vifungo, 3 yaliruka na papi zake. Aliyeniezekea zamani alipiga msumari kila mgongo wa nne (mgongo ni lile wimbi la bati lililoinuka), hata ukingoni, na kila papi ilishikwa na msumari mmoja tu. Nguo ya hivyo mteja angenirudishia siku hiyohiyo.

Dukani nenda na kipande cha bati lako la zamani, kama mteja anavyoniletea kitambaa cha kulinganisha, maana migongo isipolingana hayatalaliana. Geji inahesabiwa kinyume: namba ikishuka, bati linanenepa. Mimi nilikuwa na geji 32, nikanunua 28, mfuko uliuma. Misumari ya bati iwe ya inchi 3, yenye kofia na mpira wake. Ya inchi 2 na nusu ni rahisi, lakini kwenye papi ya 2 kwa 2 haitokezi chini, na usipopata ncha huna cha kukunja. Chukua pia waya wa kufungia nondo.

Kabla ya kupanda zima umeme kwenye meini swichi. Ukikuta waya wa nguzo umelalia bati, usiguse kitu, waite TANESCO. Bati lenye umande usilikanyage. Mguu uweke kwenye mstari wa misumari, maana chini yake ndipo penye papi. Tulikuwa tukianza saa 1 asubuhi, saa 4 tunashuka, tunarudi saa 10 alasiri. Hapo katikati bati linaunguza hata kupitia suruali.

Papi ndizo zilizonila muda mwingi kuliko bati. Kila inapokutana na kenchi nilipiga misumari miwili ya inchi 4, mmoja umeinamia huku, mwingine kule, halafu nikazungushia waya mara mbili na kuukaza kwa koleo. Toka papi hadi papi isizidi sentimita 90. Ukingoni na karibu na kofia ya paa, lile bati linalofunika kilele, niliweka 60.

Kupanga mabati, anzia upande upepo unakokwenda, uje upande unakotoka. Huku kusi ndiyo inayotutesa, nayo hutupiga kutoka kusini-mashariki, kwa hiyo nilianza magharibi nikaja mashariki. Hivyo kila bati jipya linalilalia lililotangulia, na mdomo wa mshono unaupa upepo mgongo. Pembeni laza migongo miwili. Mmoja ni ubahili. Bati la juu lilalie la chini kwa sentimita 20. Kofia ilegeze uinyanyue, bati jipya liingie chini yake. Chini lisizidi ubao wa pembeni kwa zaidi ya sentimita 5. Langu la zamani lilikuwa limetokeza shibiri nzima, na hapo ndipo upepo ulipolishikia.

Msumari unapigwa juu ya mgongo wa bati, kamwe si bondeni. Ukingoni, kwenye kofia na kwenye ncha zote mbili za paa piga kila mgongo wa pili. Katikati kila wa tatu panatosha. Piga mpaka mpira ukae, uache. Ukiendelea mgongo unabonyea na kuwa kibakuli cha maji. Shemeji alikuwa ndani juu ya meza, kazi yake kukunja ncha. Nikikosea papi nasikia tu, "Shemeji, huu umechungulia pembeni!" Nang'oa, naziba tundu kwa silikoni, napiga mwingine.

Tulipomaliza nikafunga madirisha na milango saa 6 mchana, jua likiwa kali, nikakaa gizani kutazama juu. Kila tundu linaonekana kama nyota. Nilihesabu matano, nikamwelekeza shemeji kwa sauti kutoka chini, naye akiyawekea alama juu kwa chaki yangu ya kukatia nguo.

La sita halikuonekana. Mvua ya kwanza ilinionyesha: tone moja, kisha jingine, juu ya cherehani. Nilikuwa nimepiga msumari mmoja bondeni, jioni ya mwisho, giza likiingia.