Kumhudumia anayekaribia kufa: kwa muuguzi mpya wa zamu yetu

Mdogo wangu, uliniuliza napata wapi moyo wa kurudi wodini wakati wengi tunaowahudumia hawatapona. Nina miaka 19 kwenye kazi hii hapa Moshi. Nakueleza ninavyofanya.

Tuliza maumivu kwanza. Mofini ya maji hutolewa kila baada ya saa 4, kabla maumivu hayajarudi, pamoja na dawa ya kulainisha choo. Ikiandikwa saa 10 alfajiri, amka umpe saa 10. Cicely Saunders, aliyekuwa muuguzi kabla ya kuwa daktari na akafungua St Christopher's, nyumba ya kuwatunza wanaokaribia kufa, kule London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu haya ni ya mwili, nafsi, familia na roho. Utayaona: dawa imeshika, lakini mzee halali, kumbe anawaza ada ya mjukuu. Hapo vuta kiti, msikilize.

Kisha kinywa. Wengi hukisahau, nami nakipa uzito kuliko chati. Zungushia shashi safi kidoleni, ichovye majini, futa ulimi polepole, halafu paka mafuta midomoni. Bibi mmoja wa Marangu alikuwa hawezi tena kumeza. Nikamwuliza binti yake, mama alipenda nini? Akasema mbege, pombe ya ndizi. Kesho yake akaleta kidogo kwenye chupa, tukalowesha shashi, tukampitishia mdomoni. Bibi akalamba, akafumba macho, akasema neno kwa Kichaga. Binti akacheka huku machozi yanamtoka. Jioni ile nilitembea hadi stendi nikijua kwa nini naifanya kazi hii.

Usiseme "nakuja" kama huji. Niliwahi kumwambia hivyo babu mmoja, nikaendelea kuandika ripoti. Niliporudi alikuwa ameshafariki, mkono wake ukining'inia nje ya kitanda. Bado inaniuma. Siku hizi nikibanwa, namtuma mwenzangu palepale.

Akifariki, unapomwosha mwite kwa jina: "Mama, nakugeuza sasa." Ndugu wakiwepo na wakitaka kusaidia, wape kitambaa.

Nina daftari dogo. Siandiki majina wala magonjwa, bali kitu kimoja tu nilichojifunza kwa kila mtu: alipanda kahawa, alishona sare za shule, alipenda mbege.

Kesho tuko wote usiku. Kitanda cha dirishani yupo mwalimu mstaafu, macho yamefifia na anapenda kusomewa gazeti. Pitia sokoni ulinunue.