Kugawa vitu vya ndani bure kwenye grupu la mtaa

Kitanda cha mwanangu wa mwisho kilikaa barazani kwangu Tabata wiki tatu, masika yakikinyeshea. Kwenye grupu la WhatsApp nilikuwa nimeandika tu: "Kitanda cha mtoto, bure, anayehitaji aje inboksi." Watu kumi na mmoja wakajibu "nimewahi". Hakuna aliyetokea.

Siku hizi naanza na tepu. Niliandika upya: futi mbili kwa nne, kinafunguka kwa bisibisi, skrubu moja imepotea, mbao haina mchwa. Siku ya pili akaja mama mmoja kutoka Segerea na bisibisi yake kwenye mkoba. Alikifungua palepale barazani, skrubu akazifunga kwenye pindo la khanga, mbao zikapanda bodaboda.

Godoro lipige picha pande zote mbili, na upande wenye doa la mkojo ndio utangulie. Mtu alione akiwa kwake, kabla hajalipa bajaji. Friji ichukulie video ikiwa imechomekwa, taa ya ndani ikiwaka. Kama imekufa, andika "mbovu, inamfaa fundi". Mafundi huwahi kuliko wote. Mpira wa gesi uliopasuka usimpe mtu, utupe.

Bei ya kitu cha bure ni usafiri. Kabati la kwenda Mbagala linataka kirikuu, kwa hiyo taja kituo cha daladala kilicho karibu na useme kama gari linafika mlangoni au mwisho ni guta. Lokesheni ya nyumba usiimwage kwenye grupu. Mtumie yule mmoja uliyemchagua. Vyombo vidogo mimi naviacha dukani kwa Mangi, jina la mchukuaji likiwa juu ya boksi.

Na huyo mmoja simpati kwa kuangalia nani kawahi. Nasubiri hadi jioni, kisha nauliza: unakuja lini, na usafiri gani? Anayesema "kesho saa kumi, nina bajaji" ndiye wangu. Namwambia mapema kwamba siku ikipita kimya, nampa anayefuata. Sababu ya kuhitaji siulizi. Inaniuma kuona mtu akilazimishwa kueleza shida zake mbele ya watu mia mbili ili apewe sufuria, halafu apigwe picha akiipokea. Msifanye hivyo, jamani.

Pesa isiingie kabisa. Freecycle, mtandao wa watu kugawiana vitu ulioanzia Tucson, Marekani, mwaka 2003, unataka kila kinachowekwa kiwe bure, na sisi tumeshika hilo hilo. Anayekwambia "tuma nauli kwanza nikuletee friji" ni tapeli. Mripoti kwa admini.

Kitu kikishatoka getini, rudi kwenye tangazo uandike "kimechukuliwa" saa ileile, maana kuna mtu Gongo la Mboto anatafuta nauli ya kukifuata.