Sasisho la usalama linalojirudia kila ukiwasha kompyuta

Laptopu ya Windows ikisakinisha sasisho lile lile jana, leo na kesho, tazama kwanza namba yake. Kama ni KB2267602, iache: hayo ni maelezo mapya ya virusi ya Defender, kinga ya virusi ya Windows yenyewe, hutoka mara kwa mara kwa namba hiyo hiyo, kinachobadilika ni toleo tu. Kama ni namba nyingine, andika cmd kwenye sehemu ya kutafutia, bofya kulia, chagua Run as administrator, kisha andika amri hizi moja moja:

net stop wuauserv
net stop bits
ren C:\Windows\SoftwareDistribution SD.zamani

Washa kompyuta upya, utafute masasisho tena. Folda hiyo ndiyo ghala la mafaili yaliyopakuliwa na kumbukumbu zake. Umeme ukikatika katikati ya kazi huweza kuharibika, na kompyuta ikabaki haijui imefika wapi. Ukiibadili jina, Windows hujitengenezea mpya. Orodha ya masasisho ya nyuma itafutika, usishtuke. Ila upakuaji unaanza upya, kwa hiyo usifanye haya ukiwa na bando la kuungaunga.

Ikikataa kubadili jina, huduma mojawapo uliyoisimamisha (wuauserv au bits) imejiwasha tena: rudia zile net stop. Njia hii haisaidii diski ikiwa imejaa, wala mafaili ya mfumo wenyewe yakiwa yameharibika. Kwa mafaili yaliyoharibika, jaribu kwenye dirisha hilo hilo amri ya DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, halafu sfc /scannow. Ya kwanza inaweza kuganda kwenye asilimia fulani muda mrefu, iache imalize.