Hospitali yenu inataka kufungua tawi kwenye jengo la kupanga? Ramani kwanza, mkataba baadaye

Wakuu, hii biashara ya hospitali kubwa kufungua kituo kidogo pembezoni mwa mji, kwenye jengo la kupanga, inaeleweka kabisa. Mgonjwa wa presha anayekaa Chanika au Bunju hawezi kila mwezi kuamka alfajiri apigane na foleni mpaka mjini kwa ajili ya kupimwa presha na kuandikiwa dawa zilezile. Aga Khan wana matawi yao kibao Dar na mikoani, na wengine nao wanafuata. Kununua kiwanja na kujenga kutoka chini ni hela ndefu, so watu wanapanga. Sawa. Shida ni kwamba wengi wanasaini mkataba kwanza, wanalipa kodi ya mwaka, afu ndo wanamuita msanifu, na hapo msanifu anakuta chumba cha eksirei hakiwezekani, choo cha mpangaji wa juu kipo juu ya pale mnapotaka maabara, na kodi inakimbia.

Kwa hiyo nitaelezea jinsi ya kwenda, nikichukulia Dar, mikoani tofauti ni ndogo.

Anza na mfumo wenu wenyewe wa hospitali. Mwambie mtu wa IT akutolee wagonjwa wa nje wa mwaka mzima kwa kata wanazotoka, na kwa kliniki wanazohudhuria. Hiyo karatasi ina thamani kuliko dalali yeyote. Ukikuta kundi kubwa la mama wajawazito linatoka Mbagala na kundi la kisukari linatoka Tegeta, hayo ni matawi mawili tofauti yenye vyumba tofauti, usiyachanganye kwa sababu tu mkurugenzi ameona fremu nzuri barabarani. Na ujue mapema unafungua nini: zahanati, polikliniki au kituo cha afya, maana kila ngazi ina masharti yake ya vyumba, vifaa na watumishi, na leseni ya hospitali mama haifuniki tawi. Tawi linasajiliwa lenyewe, na NHIF (bima ya afya ya taifa) nayo inaliangalia kama kituo kinachojitegemea.

Ukishajua eneo, kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuchukua jengo lililopo na kulifanyia ukarabati wa ndani. Ya pili, mwenye kiwanja anajenga kwa ramani yenu halafu nyinyi mnapanga kwa miaka mingi. Mimi naipenda ya pili kama mwenye kiwanja ana hela yake au ana benki nyuma yake. Kama anategemea kodi yenu ya mbele ndo ajenge, hapo kaa chini ufikirie mara mbili, na mkikubali basi mlipe kwa hatua, msingi, lenta, paa, kila hatua msimamizi wenu athibitishe kwa maandishi ndo hela itoke.

Kwa jengo lililopo, nenda nalo na watu watatu: msanifu, fundi umeme mwenye leseni, na nesi mzoefu. Ndiyo, nesi. Msanifu ataangalia nguzo, nesi ataangalia kitanda cha magurudumu kinakata vipi kona. Koridoo ikiwa chini ya mita 1.8 mtateseka, mlango wa kupitisha kitanda uwe kama mita 1.2, na ramp isizidi mwinuko wa 1 kwa 12 (yaani ukipanda sentimita 50 unahitaji mita 6 za mteremko, pima kama mbele ya jengo zipo). Chukua chini kabisa, grandi floo, labda kuwe na lifti inayoingia kitanda na jenereta la kuibeba umeme ukikata.

Halafu maji na majitaka. Kila chumba cha daktari kinataka sinki la kunawia, maabara inataka masinki, chumba cha vidonda, vyoo vya wagonjwa na vya watumishi. Jengo lililojengwa kwa ajili ya maduka lina choo kimoja nyuma na bomba moja. Maana yake mtakata sakafu kupitisha mabomba, na mwenye nyumba lazima akubali hilo kwa maandishi. Uliza shimo la majitaka lina ukubwa gani na gari la kunyonya linapita wapi. Simtank weka za kutosha angalau siku mbili bila maji ya DAWASA. Umeme uwe wa fezi tatu kama mnaweka eksirei kubwa, na msidanganyike na mtu akisema "transfoma ipo", muulize Tanesco kama ina nafasi ya mzigo wenu.

Eksirei ndo inaamua jengo, ndo maana naiwekea mkazo. Kuta za jipsam hazizuii mionzi. Mnajenga ukuta wa tofali zito au zege, au mnabandika shiti za risasi (ile metali nzito), au mnapiga plasta ya baraiti (madini mazito yanayozuia mionzi), na mlango unakuwa na risasi ndani kwa hiyo ni mzito na fremu yake ya kawaida haiubebi. Unene haukadiriwi kwa macho, mtaalamu wa mionzi anakokotoa kutokana na mashine, idadi ya picha kwa wiki, na nani yuko upande wa pili wa ukuta. Mtu wa kawaida anaruhusiwa milisieverti 1 tu (kipimo cha mionzi inayoingia mwilini) kwa mwaka, kwa hiyo duka la jirani ambalo muuzaji anakaa hapo kutwa nzima akiegemea ukuta wenu lina maana kubwa kwenye hesabu. Kama kuna ghorofa juu, dari nayo inahesabiwa. Mchoro wa chumba unapelekwa TAEC (Tume ya Nguvu za Atomiki) kabla ya kujenga, siyo baada, ukijenga kwanza wakakataa unabomoa.

Sasa ukiwa na mchoro wa mkono tu unaoonyesha vyumba vimeingia, ndo uende kwenye mkataba. Kabla ya hapo toa barua ya nia tu, ya kushikilia jengo, yenye sentensi moja ya maana: vibali vikikataliwa, hela ya kushikilia inarudi.

Mwanasheria afanye upekuzi wa hati ardhi. Aangalie matumizi: hati ikisema makazi tu, mtahitaji kubadilisha matumizi manispaa, na anayeomba ni mwenye hati, siyo nyinyi. Aangalie kama hati ipo benki. Ikiwa ipo, pata barua ya benki kwamba hata wakiuza jengo kwa deni, upangaji wenu unaheshimiwa. Bila hiyo barua mnaweza mkaweka mamilioni ya kuta za risasi kwenye nyumba ya mtu anayedaiwa.

Hela za kodi ya pango sasa. Mwenye nyumba wengi watakwambia hivi: "Mwanangu, mambo ya TRA mimi sitaki kusikia, nataka milioni moja na laki nane yangu mkononi." Mjibu kwa adabu, "Sawa mzee, lakini sheria inatutaka tukate kodi ya zuio ya asilimia 10 tukupe na cheti." Sasa kama kweli mnataka apokee 1,800,000 kamili, basi kodi kwenye mkataba iandikwe 2,000,000, mnakata 200,000 mnapeleka TRA. Mkiandika 1,800,000 na mkamlipa yote, ile asilimia 10 TRA wataidai kwenu. Kuna na ushuru wa stempu, asilimia 1 ya kodi ya mwaka. Na kama mwenye jengo amesajiliwa VAT ataongeza asilimia 18, hapa wahasibu wa hospitali huwa wanashtuka, kwa sababu huduma za afya zimesamehewa VAT, kwa hiyo hamna cha kudai kirudishwe, hiyo 18 ni gharama yenu moja kwa moja, kwenye kodi na kwenye bili ya mkandarasi pia. Iwekeni kwenye bajeti tangu siku ya kwanza. Na kodi ya dola sahau, kanuni za Machi 2025 zimekataza bei za ndani kwa fedha za kigeni.

Muda wa mkataba usiwe chini ya miaka ya kurudisha hela ya ujenzi, na uwe na haki ya kuongeza iliyoandikwa pamoja na namna kodi itakavyopanda. Mkataba mrefu usajiliwe. Miezi ya ujenzi iwe bila kodi, hilo linaombeka, wengi wanakubali kwa sababu mnamuongezea jengo thamani. Andikeni pia: paa na nguzo ni za mwenye nyumba, nafasi ya jenereta na chumba cha taka iko wapi, gari la wagonjwa linapaki wapi saa 24, bango linakaa wapi, fremu ya pembeni haitapangishwa baa, mnaruhusiwa kumpangishia mtu wa meno au miwani ndani yenu. Na mkiondoka mnaondoka na nini. Milango ya risasi, jenereta, masinki, AC, taja kimoja kimoja.

Mchoro wa mwisho: fuata njia ya mgonjwa. Mapokezi, vipimo vya awali, daktari, keshia, maabara, daktari tena, keshia tena, famasi. Mgonjwa wa kwetu anakutana na keshia mara mbili tatu, kwa hiyo dirisha la keshia liwe katikati, siyo mlangoni. Choo cha sampuli kijengwe ukuta mmoja na maabara, na kidirisha kidogo kwenye huo ukuta, mtu anaweka kikopo chake pale, fundi sanifu anakichukua upande wa pili. Bila hicho kidirisha mtaona watu wazima wanapita mapokezi wamefunika kikopo cha mkojo kwa kiganja. Wenye kikohozi wakae kibarazani penye upepo. Sakafu ya chumba cha vidonda iwe ya vinyl iliyopandishwa ukutani, marumaru zina mistari na uchafu unakaa humo.

Vibali haraka haraka: manispaa kwa kibali cha ujenzi na ukarabati, Zimamoto, OSHA (usalama kazini), Bodi ya Ushauri ya Hospitali Binafsi, maabara kwa bodi yake, famasi kwa Baraza la Famasi, TAEC kwa mionzi. Mtu mmoja apewe kazi hii na asiwe na kazi nyingine.

Mkandarasi awe amesajiliwa CRB (bodi ya makandarasi), BOQ (orodha ya kazi, vipimo na bei) atengeneze mkadiriaji wenu siyo yeye, tenga asilimia 10 ya dharura, na zuia sehemu ya malipo mpaka kipindi cha matazamio (muda wa mkandarasi kurekebisha kasoro) kiishe. Inseneta (tanuru la kuchomea taka) msijenge, kwenye nyumba ya kupanga majirani watawashtaki kwa moshi na watakuwa na haki. Taka za sindano na damu zinaenda hospitali mama kwa gari maalumu kwa ratiba, na sampuli za vipimo vikubwa zinaenda huko kwa pikipiki yenye boksi la baridi.

Kabla ya kufungua, chagueni siku ya kazi, zimeni meni swichi makusudi mkiwa mmewasha eksirei, friji ya chanjo na kompyuta zote. Jenereta likiwaka, pigeni picha moja ya eksirei papo hapo. Kama linazima au taa zinafifia, muiteni fundi leo, wakati mkandarasi bado anawadai hela.