Jinsi ya kukagua bwawa dogo kabla hujaogelea, hujavua wala hujapiga kambi

Watu wengi wakifika kwenye bwawa dogo macho yanaenda kwenye maji tu, yakiwa yametulia na yanang'aa basi wanavua viatu wanaingia. Mi nasema anzia upande ule mkavu, nyuma ya tuta, yaani ule ukuta wa udongo unaozuia maji, kwa sababu bwawa likianza kuharibika dalili nyingi zinajitokeza kule kabla hujaona chochote kwenye maji. Na udogo wake usikupe moyo. Wataalamu wanahesabu bwawa kuwa kubwa likifika kimo cha mita 15, lakini Kelly Barnes kule Georgia, Marekani, lilikuwa na kimo cha kama mita 12 tu na lilipopasuka usiku wa tarehe 6 Novemba 1977 liliua watu 39. Solai pale Kenya lilikuwa bwawa la shambani, na Mei 2018 liliondoka na watu zaidi ya 40.

Haya, shuka mpaka chini kabisa pale tuta linapokutana na ardhi, alafu tembea taratibu toka mwanzo mpaka mwisho. Chagua siku ambayo haijanyesha ili unyevu wowote utakaouona uwe ni wa bwawa lenyewe na sio wa mvua. Unatafuta nini? Sehemu ambayo majani ni mabichi kuliko kwingine kote, tope ambalo halikauki, matete yameota mahali hayakupaswa kuota, au maji yanabubujika toka ardhini na kuzungukwa na kijilima cha mchanga. Karibu kila tuta la udongo linavuja kidogo, hiyo peke yake sio ya kuogopesha, cha kuogopesha ni rangi ya maji na mabadiliko.

Rangi unaipima hivi: kinga yale maji kwenye chupa ya plastiki inayoonyesha, inyanyue kwenye mwanga, alafu iweke chini itulie nusu saa hivi. Yakibaki safi, andika tarehe na piga picha, utarudi kuangalia tena. Ukiona chini kumetuama udongo au mchanga laini, ujue maji yanatoka na tuta lenyewe, punje kwa punje, na huko ndani kuna tundu linazidi kurefuka kuelekea ziwani, yaani kwenye maji yaliyozuiwa na tuta. Hiyo sio ya kusubiri wiki ijayo, mtafute mwenye bwawa au mamlaka ya maji siku hiyohiyo. Mabadiliko nayo unayapima kwa ndoo na saa ya simu: ndoo ilikuwa inajaa kwa dakika mbili, sasa inajaa kwa dakika moja, na maji ya ziwa yako palepale, basi uvujaji umeongezeka mara mbili hata kama kwa macho unaona ni uleule.

Panda juu sasa. Simama mwisho mmoja wa tuta, funga jicho moja na uangalie ukingo wote hadi mwisho wa pili, kama kuna mahali umebonyea au umejikunja utauona, hata nguzo za uzio zilizoinama upande mmoja zinakuambia udongo unateleza. Nyufa zinazokwenda sambamba na tuta mara nyingi ni dalili ya upande mmoja kuporomoka, zile zinazokata tuta toka upande wa maji kwenda upande mkavu ni mbaya zaidi maana ni njia tayari ya maji kupita. Mashimo ya panya, fuko na kenge yasidharauliwe kabisa. Miti vilevile, mizizi yake inapenya ndani na mti ukifa mizizi inaoza na kuacha mirija, ndo maana tuta zuri ni la majani mafupi tu. Lakini usikurupuke ukakata mti mkubwa ulioota miaka mingi, mizizi iliyobaki itaoza vilevile, huo mwite injinia kwanza.

Kitu ninachosisitiza kuliko vyote ni utoro wa maji, ile njia pembeni ya tuta inayopitisha maji ya ziada mvua ikizidi. Tuta la udongo maji yakipita juu yake linaweza kuliwa lote ndani ya saa chache, na utoro ndo kitu kikuu kinachozuia hilo. Sasa angalia kilichotokea South Fork kule Pennsylvania, Marekani. Lilikuwa bwawa la klabu ya matajiri, watu wa kuvua samaki na kuendesha mashua. Mabomba ya kupunguzia maji chini ya tuta yalikuwa yameshang'olewa na kuuzwa kabla yao na hawakuyarudisha, wakashusha kimo cha tuta ili magari ya farasi yapishane juu yake, na kwenye utoro wakaweka wavu ili samaki wao wasitoroke. Tarehe 31 Mei 1889 mvua kubwa ilinyesha, takataka zikanasa kwenye ule wavu, maji yakapita juu ya tuta na watu 2,209 wakafa huko bondeni, wengi wao kwenye mji wa Johnstown. Kila uamuzi hapo ulifanywa kwa ajili ya starehe! Kwa hiyo ukikuta kwenye utoro kuna wavu wa samaki, magogo, magunia ya mchanga yaliyowekwa ili ziwa lijae zaidi wakati wa wageni, au mtu amejenga banda hapo, sema, piga kelele, usione aibu.

Kama wewe ndo mwenye bwawa, valvu ya chini, ile koki ya kutolea maji, ifungue na kuifunga angalau mara moja kwa mwaka ujue bado inafanya kazi. Ukilazimika kupunguza maji na hakuna dharura, punguza polepole, wengi wanaenda na sentimita 30 hivi kwa siku, kwa sababu ukishusha haraka udongo wa upande wa maji unabaki umelowa na mzito bila kitu cha kuuegemeza na unaweza kuporomoka. Ila siku ukiona maji yanatoka na tope kwa nguvu, au juu ya ziwa maji yanazunguka na kuzama karibu na tuta, acha kila kitu na uwaambie watu wa bondeni kwanza. Wasikimbie kufuata mto, wapande pembeni kwenye mwinuko.

Tuta likiwa salama ndo tuje kwenye maji yenyewe. Baada ya mvua kubwa nakushauri usiogelee siku mbili, mvua inasomba vinyesi vya watu na mifugo hadi ziwani. Kama kuna anayepima, Marekani wanataka wastani wa bakteria wa E. koli usizidi 126 kwa kila mililita 100, hiyo ni namba nzuri ya kuulizia. Rangi ya kijani sio mbaya kila mara, chovya kijiti: kikitoka na nyuzinyuzi ni mwani wa kawaida, kikitoka kimepakwa kama rangi ya ukutani, hapo shuku sayanobakteria, bakteria wa majini wanaofanana na mwani, ambao wengine hutoa sumu. Kuchemsha hakuondoi sumu hiyo. Mbwa ndo wanakufa haraka zaidi, wanakunywa alafu wanalamba manyoya, kwa hiyo mbwa asikaribie, na aliyeingia aogeshwe kwa maji safi kabla hajaanza kujilamba.

Sehemu zenye kichocho ni habari nyingine. Vimelea vinatoka kwenye konokono, vinapenda maji yaliyotulia yenye majani pembezoni, na vinatoka kwa wingi jua likiwa kali, mida ya mchana. Kujifuta haraka kwa taulo usikutegemee. Maji ya kuoga ya kambini yachemshe au yaache kwenye tanki siku mbili bila konokono. Na kama ulishaingia, kapime hata kama hujisikii vibaya, ila subiri wiki 6 hadi 8 ndo vipimo vionyeshe vizuri, dawa yake prazikwanteli ipo na inafanya kazi.

Mahali pa kuogelea pawe mbali na tuta, mbali na utoro, na mbali kabisa na pale bomba linapovuta maji, mvuto wake hauonekani juu na ukishakubana hata mtu mwenye nguvu hajinasui. Vile vizingiti, yaani kuta fupi zinazokatiza mto ambazo maji yanapita juu yake yote, ndo vinaua waliozoea kayaki, ule mtumbwi mdogo wa kasia, pale chini maji yanarudi nyuma na kukuzungusha hata ukiwa na jaketi la kuokolea. Usipige mbizi kwa kichwa, kina cha bwawa kinabadilika, palipokuwa na mita tatu mwezi uliopita leo pana kisiki. Maji yakiwa chini ya nyuzi 15 ingia taratibu, baridi ya ghafla inakufanya uvute pumzi bila kutaka.

Watoto wakiwa majini mtu mzima mmoja apewe kazi hiyo tu, bila simu, na wabadilishane, kwa sababu mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele. Wekeni kamba ndefu na dumu tupu lililofungwa kifuniko pale ufukweni. Mtu akizidiwa mrushie hilo dumu ukiwa umesimama nchi kavu, na kama ni kwenye kizingiti usimfuate majini hata uwe unajua kuogelea vipi.