O'clock: somo la kwanza kwa dereva mpya wa watalii

Kila dereva mpya anayekuja kwetu hapa Arusha namkalisha mezani, namchorea uso wa saa kwenye karatasi. Kusoma saa anajua. Ninachotaka alielewe ni neno moja tu, o'clock.

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilimwambia kijana awafuate wageni hotelini seven o'clock. Alifika saa saba mchana, gari linang'aa. Wageni walikuwa wamekaa na mabegi yao tangu saa moja asubuhi. Iliniuma sana, maana sikuwa nimemfundisha.

Basi fanya hivi. Ukitajiwa namba na o'clock, weka kidole juu ya namba hiyo, kisha kivushe mpaka ng'ambo ya pili ya uso wa saa. Saba inatazamana na moja, nane na mbili, kumi na mbili na sita. Hiyo ndiyo saa yetu, kwani sisi tunaanza kuhesabu kunapokucha na kunapokuchwa, wageni wanaanza saa sita usiku na saa sita mchana. Ukimtumia mwenzako ujumbe, andika zote mbili: 7 a.m., saa moja asubuhi.

Neno lenyewe ni ufupisho wa of the clock, na linakwenda na saa kamili tu. Saa moja na nusu ni seven thirty, basi. Wala usilitumie kwa mwendo: mgeni akiuliza Tarangire ni mbali kiasi gani, ukamjibu two o'clock, ataelewa mnafika saa nane mchana. Sema two hours.

Sasa mbugani, ndiko wengi wanakokwama. Mgeni akinong'ona "leopard, two o'clock", anakuonyesha upande. Boneti ndiyo kumi na mbili, tatu ni kulia kwako, sita nyuma, tisa kushoto. Kwa hiyo chui yuko mbele kulia. Hapa kidole hakivuki! Ukivusha utatazama nane, nyuma kushoto, na chui hakusubiri. Simama utazame kwanza kabla ya kugeuza gari, maana gari likigeuka namba zote zinahama. Na kama mgeni amesimama kwenye paa lililofunguliwa akatazama nyuma, huenda anahesabu kutoka usoni kwake. Muulize taratibu, from the car? Atakuonyesha kwa mkono.